Windows 10 haijaiua laptopu yako, na Linux haitaiokoa peke yake

Tangu Oktoba 14, 2025 ipite, yaani ile siku Microsoft walipoacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10, magrupu yote ya WhatsApp niliyomo yamegawanyika mara mbili. Kuna wanaosema laptopu za zamani kwisha habari yake, uza haraka kabla bei haijaporomoka, jipange utafute inayobeba Windows 11. Af kuna wa upande wa pili, wengi vijana wa Malimbe na Nyegezi waliogusa gusa IT, wao wanasema sasa ndo zamu ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows, ni bure, haina virusi, mnyonge kakombolewa. Mimi naona wote wamelisoma lile tangazo kama vile liliandikwa kwa ajili ya Mwanza, na halikuandikwa kwa ajili ya Mwanza. Huku kwetu kompyuta haijawahi kuishi kwa msaada wa Microsoft, inaishi kwa mkono wa fundi. Kwa hiyo ukija kwa mtu wa Igoma, Buzuruga au kule Nansio, suala la Windows au Linux ni suala la fundi wake anajua nini, na flashi anayotembea nayo mfukoni ina nini ndani.

Tuanze na chenyewe kilichotokea maana watu wanakichanganya. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Windows 11 ikatoka Oktoba 2021 na masharti ambayo za nyuma hazikuwa nayo, inataka kile kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwenye prosesa inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. Ukiiweka hiyo kwa lugha ya wauza laptopu wa mjini kati, maana yake mstari umepita katikati ya HP EliteBook 840 G4 na 840 G5, na katikati ya ThinkPad T470 na T480, mashine zinafanana kama mapacha ila moja imeingia na nyingine imebaki nje ya mlango. Na hakuna kilichozimwa siku ile, Windows 10 inawaka leo kama ilivyowaka juzi. Microsoft wenyewe wakaongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa watu wa majumbani, mpaka Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuingia na akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Wenzetu wa Ulaya walipewa kwa masharti laini zaidi maana vyama vyao vya watetezi wa walaji vilipiga kelele. Sisi hatukupiga kelele yoyote, na nina wasiwasi wengi hata hawajui kama hiyo nafasi ipo.

Sasa tujiulize kwa ukweli, laptopu ngapi mtaani kwako zilikuwa zinapokea hizo apdeti hata kabla ya Oktoba? Fundi akishapiga windo, yaani kuweka Windows upya, kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima apdeti, na anazima kwa sababu mteja mwenyewe ndo anataka hivyo, bando la kuungaunga kutoka kwenye simu likimezwa usiku mmoja na kitu ambacho hakionekani mtu anakasirika, ana haki. Af windo yenyewe haina leseni, imewekewa kale kaprogramu ka kuifanya ijione imelipiwa, na hako kaprogramu mara nyingi kanataka uzime kinga ya virusi kwanza ndo kafanye kazi. Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, ile iliyofunga mafaili ya watu dunia nzima ikadai hela? Ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishatoa kiraka chake Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla, wakaumia ambao kiraka hakikuwafikia. Kwa hesabu hiyo mashine zetu nyingi zilikuwa nje ya msaada tangu siku zilipotoka dukani, na anayekwambia hatari imeanza Oktoba 14 anakutisha na kitu umekaa nacho miaka sita bila kujua. Sisemi hatari haipo. Ipo na inakua, kwa sababu matundu mapya yakigunduliwa hayatazibwa tena hata kwa yule mmoja aliyekuwa anaruhusu apdeti, asipochukua ule mwaka wa nyongeza. Ila kutoka hapo mpaka kuitupa mashine nzima ya RAM 8 ni safari ndefu.

Kitakachozimaliza hizi Windows 10 kitakuja polepole, na kitaingilia kwenye brauza. Tuliliona hili kwenye Windows 7. Msaada wake uliisha Januari 2020, watu wakaendelea kuitumia kwa raha zao, ikafika 2023 Chrome toleo la 109 likawa la mwisho kukubali Windows 7, na kuanzia hapo kidogo kidogo tovuti zikaanza kugoma, ukurasa unafunguka nusu, kitufe cha kutuma hakibonyezeki. Angalia kazi za steshenari ya leo, mtu anakuja kuomba mkopo HESLB, mwingine anajaza Ajira Portal, mwingine anataka kontrol namba, mwenye kampuni anahangaika na NeST apate tenda, hivi vyote vinapita kwenye brauza. Brauza ikikataa, duka limefungwa hata kama taa zinawaka. Kwenye Windows 10 Microsoft wameshasema Edge, brauza yao wenyewe, itaendelea kupata apdeti angalau mpaka Oktoba 2028. Kwa hiyo muda tunao, siyo mwingi ila upo, na kukurupuka kuuza laptopu kwa bei ya hasara wiki hii hakuna maana yoyote isipokuwa kwa anayeinunua kwako.

Na huyo anayeinunua anajua anachofanya. Maofisi ya Ulaya ambayo sera zao haziruhusu mashine isiyo na msaada yanazitoa hizi za kizazi cha 6 na cha 7 kwa wingi, na tunajua zikitolewa kule zinakuja wapi, zinashuka na kontena Dar halafu zinapanda basi kuja huku. Mimi natarajia tutaona mzigo mkubwa wa EliteBook G3 na G4, mashine nzuri tu, bodi ngumu, kibodi nzuri kuliko hizi mpya za plastiki. Fundi atazipiga Windows 11 kwa kuruka masharti, inawezekana, ukiandaa flashi na Rufus unaondoa kipengele cha TPM inaingia vizuri, na muuzaji atabandika karatasi "Windows 11" na kupandisha bei. Ni kweli itawaka. Ila Microsoft hawajaahidi apdeti kwa mashine isiyokidhi masharti, na wameshaonyesha wanaweza kubadilika katikati ya safari, toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2 lilipokuja lilidai maelekezo fulani ya prosesa ambayo zile desktop za Core 2 Duo hazina, zikawa haziwaki kabisa.

Haya, tuje upande wa Linux. Nitawaudhi wenzangu hapa maana mimi mwenyewe ni mtu wa Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, natumia hata kuandika hii makala. Hoja dhaifu kuliko zote tunazotoa ni ile ya "ni bure". Kule Ujerumani ina nguvu kwa sababu ofisi inalipia leseni kila mwaka, ukiwaambia wataacha kulipa wanasikia. Huku Windows nayo ni bure! Hujawahi kuilipia, mama yako hajawahi, steshenari jirani haijawahi, mlichowahi kulipa ni elfu kumi au kumi na tano ya fundi, na fundi huyohuyo akikuwekea Linux atataka elfu kumi na tano ileile. Sasa unamshawishi mtu aache kitu cha bure anachokijua aende kwenye kitu cha bure asichokijua, kwa sababu ni cha bure? Unaweza kumwambia kuhusu uhalali, kwamba kimoja ni cha wizi na kingine umepewa na ruhusa ya kukigawa kwa jirani, na kwangu mimi hilo lina uzito, ila tusijidanganye kwamba mtu mwenye foleni ya wateja saa nne asubuhi atalisikiliza. Na ile nyingine ya "mbona simu yako ya Android ndani ni Linux" tuiache tu, ni kweli kwa jinsi kiini kilivyo ila ni ujanja ujanja, hakuna aliyewahi kujifunza kuunga printa kwa kushika simu.

Upande wa pili nao wana hoja yao mbovu, ya kwamba Linux ni ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Anayesema hivyo hajaiona toka 2005. Chukua Mint, choma kwenye flashi, washa nayo laptopu bila kufuta chochote, utakuta menyu iko kona ya chini kushoto, utaona wifi yako inakamata au haikamati, sauti inatoka au haitoki, uamue baada ya hapo. Inahitaji RAM ya GB 2, ya kufanya kazi kwa raha GB 4, na toleo la 22 lililotoka 2024 linapewa apdeti mpaka 2029.

Uzito wa Linux huku kwetu upo sehemu ambazo watetezi wake wengi hawazitaji, kwa sababu wanasoma hoja za watu wasioishi na matatizo yetu. Kubwa kuliko zote ni flashi. Kila aliyewahi kuprinti risechi karibu na chuo anakijua kile kirusi cha shotikati, unachomeka flashi dukani, unarudi nyumbani mafaili yote yamegeuka vishale na kazi yako haionekani. Kile kinaandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux kinakuwa kama samaki kwenye mchanga, unakiona kilivyo, unakifuta, na yale mafaili yaliyofichwa unayaonyesha unayakuta yote yapo. Steshenari yenye mashine moja ya Linux mlangoni kwa ajili ya kupokea flashi za wateja imeondoa nusu ya ugomvi wake. Ya pili ni bando, apdeti za Linux ni kubwa pia tusidanganyane, ila Mint inakuonyesha ni MB ngapi na inasubiri wewe ubonyeze, unaziacha wiki nzima unazishusha siku una wifi ya mtu. Ya tatu ni zile mashine zenye diski ngumu ya kuzunguka, ambazo Windows 10 ikiwaka unaenda kuteka maji unarudi bado inazungusha.

Sasa ya ukweli machungu. Mwaka juzi niliwekea Mint mashine mbili za shemeji yangu mwenye steshenari Buhongwa, nikajiona mjanja. Baada ya siku tisa akanipigia, "shem njoo utoe hiki kitu chako, wateja wananikimbia." Brauza ilikuwa inaenda, uandishi unaenda, ila printa yake ya leza, ya zamani, ile ndo inamlipia kodi ya fremu, ilikuwa inatoa karatasi moja inalala. Printa za miaka ya karibuni nyingi zinakubali Linux hata bila kuweka kitu, na zile za wino wa kujaza kwenye tenki ambazo kila steshenari inazo siku hizi hazisumbui sana, ila kuna leza za zamani ambazo akili yao yote iko kwenye draiva ya Windows, na kuzibembeleza kwenye Linux ni kazi ya usiku mzima. Mhasibu anayetumia Tally utamwambia nini? Mchora ramani wa nyumba anayeishi ndani ya ArchiCAD? Hawa waacheni na Windows yao, kuwalazimisha ni kuiharibia Linux jina. Kosa langu la siku ile nililijua baadaye, nilibadilisha mashine kabla sijaijua kazi inayofanyika dukani, na mbaya zaidi sikumwachia mtu wa kumwita. Mimi nakaa Kisesa, yeye Buhongwa, na fundi wa jirani yake alipoiona ile menyu alisema hiyo haijui, akaomba ruhusa ya kupiga windo.

Kuna jambo moja kwenye biashara ya steshenari ambalo linageuza mjadala huu wote kichwa chini na silioni likisemwa. Kadi za harusi, kadi za michango, programu za ibada za mazishi, vyeti vya mahafali ya chekechea, robo tatu ya ninazoziona zimetengenezwa kwenye Microsoft Publisher. Watu wana mafolda ya miaka kumi na tano ya mafaili ya Publisher, mteja akija anabadilishiwa jina la bibi harusi na tarehe, kadi imeisha. Microsoft wametangaza kwamba Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, wanaoitumia kwa kulipia kila mwezi hawataweza kuyafungua yale mafaili ndani yake tena. Wenye toleo la zamani lililokrakiwa itaendelea kuwaka, ila haitakuwa na mtu nyuma yake. Sasa programu gani nyingine inafungua faili la Publisher? LibreOffice Draw, programu ya kuchora iliyomo ndani ya LibreOffice, ile ofisi huria ya bure. Watu waliokaa wakachambua lile faili bila kupewa ramani na mwenye nalo, wakaandika kisomaji chake, kikaingia LibreOffice toka toleo la 4.0. Siyo kizuri sana, fonti zinahama, picha inasogea, maua ya pembeni yanaweza kukaa vibaya. Lakini kipo, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa kila mtu, hakuna ofisi inayoweza kuamka siku moja ikakifuta. Yaani mtu wa Windows aliyekuwa anasema Linux haina programu zake, Oktoba hiyo programu yake inamkimbia, na anayebaki anaelewa mafaili yake ni yule aliyemdharau. Na LibreOffice inakaa kwenye Windows vilevile, huhitaji kuhama mfumo mzima kuanza kuyatoa hayo mafaili.

Lakini nikisema haiwezi kufutwa sijasema haiwezi kufa. Programu huria nazo zinakufa, kwa njia ya kukosa mtu. Ukishuka Mwaloni Kirumba utakuta mitumbwi imepinduliwa mchangani inakalafatiwa, hakuna anayeuliza aliyeuchonga yuko hai au kafa, wanauliza fundi wa kukalafati yupo leo. Sisi Watanzania tulishakuwa na mtumbwi wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya Kiswahili, menyu za Kiswahili, kazi ya heshima kabisa. Leo taja hilo jina kwenye steshenari yoyote ya Mwanza uone watakavyokuangalia. Tafsiri siyo kitu cha kufanya ukamaliza, kila toleo jipya linakuja na maneno mapya, asiporudi mtu kukalafati maji yanaingia. Na hata huko kwa wakubwa hali ndo hiyohiyo, Machi 2024 iligundulika mlango wa siri umepenyezwa ndani ya xz, kimaktaba kidogo cha kubana mafaili ambacho kiko karibu kila Linux. Kilikuwa kinatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyechoka, akaja mwingine akajifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa funguo. Aliyekamata ni Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft, eti kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa nusu sekunde. Wenzangu wanaitumia hadithi hii kuonyesha msimbo ulio wazi unakaguliwa, na ni kweli, kama ungekuwa umefungwa asingeweza kuufuatilia mpaka chini. Mimi naisoma pia upande wa pili, mlango ulipenyezwa kwa sababu fundi alikuwa mmoja na hakuwa na wa kumpokea.

Huko Ulaya kila upande una mji wake wa kutolea mfano. Wa Windows wanakutajia Munich ya Ujerumani, walioamua kuhamia Linux toka 2003, wakahamisha kompyuta kama 15,000, af 2017 baraza likapiga kura ya kurudi. Wa Linux wanakutajia jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, lililotangaza Aprili 2024 kwamba kompyuta za wafanyakazi kama 30,000 zitaenda LibreOffice na baadaye Linux. Kwangu zote mbili hazitusaidii sana, wale wana idara za watu wanaolipwa mshahara kukaa na kompyuta tu, na bado siasa iliwayumbisha. Sisi idara yetu ni kijana mwenye meza, feni, bisibisi na flashi tatu.

Na huyo kijana ndo tumuangalie vizuri sasa, hasa hela yake inatoka wapi. Inatoka kwa kupiga windo. Mashine ikishikwa na virusi inarudi kwake, ikiwa nzito inarudi, yule mteja wa shotikati anarudi kila muhula. Ukimletea mfumo ambao mashine inaweza kukaa miaka miwili haijarudi mezani kwake, umemletea njaa, halafu unashangaa kwa nini anamwambia mteja Linux haifai? Anasema ukweli wake, kwake yeye haifai. Mahubiri ya uhuru wa programu hayawezi kulitatua hili na semina ya siku moja yenye soda na cheti haiwezi pia. Linatatuliwa na namna ya kumlipa. Wenye steshenari tumezoea kumwita fundi kikiharibika, wakati mashine za dukani ni za kutunzwa kama mashine ya kusaga, kuna mtu anapita, anatia grisi, anaondoka, iwe imeharibika au haijaharibika. Fundi akilipwa kidogo kidogo kwa kupita, basi mashine isiyosumbua inakuwa faida yake, na hapo ghafla Mint inaanza kuwa na maana mezani kwake. VETA na vyuo vya kati vingeweza kusaidia kwa kufundisha kuchoma flashi ya Linux na kuunga printa sambamba na hiyo windo wanayofundisha, siyo somo jipya, wiki mbili zinatosha. Ila kama malipo hayajabadilika atajifunza, atapata cheti, atarudi mezani kupiga windo.

Kwa shemeji tulirudi mezani mwaka jana, safari hii na yule fundi wa jirani yake tukiwa naye. Mashine ya mlangoni ina Mint, inapokea flashi na kufungua portal zote. Ya ndani imebaki Windows 10 na ile leza yake, tumeitoa kwenye intaneti kabisa, faili linaenda kwa flashi iliyosafishwa mlangoni kwanza. Fundi anapita kila Jumamosi jioni, analipwa elfu tano, na kwa sasa kazi anayoifanya kwa muda mwingi ni kufungua kadi za Publisher moja moja kwenye Draw na kuzipanga upya, amefika za mwaka 2014.